Betri ya maji, MF au AGM: ipi iingie kwenye gari yako?

Ukifika duka la betri pale Ilala au Kariakoo swali la kwanza unaloulizwa ni "ya maji au kavu?", na wengi wetu tunajibu kavu hata kabla hatujasema gari ni gani, maana imeshatukaa kichwani kwamba kavu ndo ya kisasa na ya maji waachiwe wenye matrekta na Fuso. Mi naona hilo swali linakuja mapema mno. Kuna gari betri ya maji inatulia miaka na kavu inakufa kila mara, kuna mtu hata umpe betri ya maji nzuri namna gani ataiua kwa uvivu tu, na kuna gari ambazo ukizifungia ya maji unajitafutia balaa. Kinachoamua ni altaneta yako, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, inachaji vipi, na nani anafungua boneti ya hiyo gari na kila baada ya muda gani. Bei na jina la kampuni vinakuja baadae.

Tunalinganisha zipi hasa

Ya maji inajulikana, ina vifuniko sita juu, kila kimoja na seli yake, unavifungua kwa sarafu au bisibisi unaona mpaka ndani. Zinazoitwa kavu ndo zinachanganya watu, kwa sababu madukani ziko mbili na hazifanani kabisa.

Nyingi ni zile zilizoandikwa MF (maintenance free, yaani isiyohitaji matunzo), za bei ya kati. Ndani zina asidi ya majimaji kama kawaida, ila madini ya risasi kwenye pleti yamechanganywa na kalisiamu ili maji yasipotee haraka, alafu mfuniko umezibwa kiwandani na kuachiwa tundu dogo la kupumulia. Kwa hiyo usimwamini muuzaji anayekuambia "hii haina asidi kabisa", ilaze ubavu nyuma ya bodaboda uone suruali itakavyotoboka.

Ya pili ni AGM. Hapa asidi imenyonywa na nyuzi laini za kioo zilizobanwa katikati ya pleti, ukiitikisa husikii kitu kinacheza, na juu ina vali zinazofunguka pale tu presha ya ndani ikizidi. Gesi inayotoka wakati wa kuchaji inarudi kuwa maji humohumo ndani, ndo maana haihitaji kuongezwa chochote. Za jeli nazo zipo ila hizo nyumbani kwake ni sola na UPS, kwenye boneti ya gari siziweki kwenye mashindano.

Zote tatu, hata ukizipasua, ni risasi na asidi ya salfuriki, seli sita za volti mbili na kidogo kila moja. Kwa hiyo haya sio mambo ya uchawi mmoja na mwingine, ni jinsi kila moja inavyovumilia maisha ya gari yako.

Nitazipima kwa nini

Kwa mambo matano, yaleyale kwa zote: inataka chaji ya volti ngapi na ikizidishiwa inafanyaje, inahitaji matunzo gani, joto na barabara mbovu zinaifanya nini, ikianza kuchoka inakuambia au inakuzimikia tu njiani, na pesa. Alafu inamfaa nani.

Kabla hujatoa hela, pima gari

Hapa nakaa kidogo kwa sababu hela nyingi zinapotelea hapa. Betri ikifa watu wanabadilisha betri, ikifa tena wanabadilisha aina, ikifa tena wanalaani kampuni, na kumbe gari ndo inaua. Chukua multimita, ile ya kawaida tu ya fundi umeme, weka kwenye volti za DC, alama ya 20. Gari ikiwa imelala usiku kucha, asubuhi kabla hujawasha pima kwenye terminali, vile vichwa viwili vya betri. Ikisoma 12.6 au zaidi betri imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 ni robo, chini ya 11.9 hiyo haina kitu. Mwambie mtu apige stata huku macho yako yakiwa kwenye mita: betri iliyojaa ikiporomoka chini ya 9.6 wakati wa stata basi yenyewe imechoka, hapo huna wa kumlaumu.

Sasa gari ikiwa inanguruma, soma tena. Kwa gari nyingi za kawaida, kina IST, Premio, Noah za zamani, unataka kuona kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa, AC, feni ya mwisho na redio, ikidondoka chini ya 13 na ushee altaneta haibebi mzigo au mkanda unateleza. Kanyaga mafuta taratibu, ikipanda ikapita 15, regulata ya altaneta, ile inayozuia volti zisizidi, imekufa na hiyo gari itachemsha betri yoyote utakayoifunga. (Gari mpya mpya ambazo kompyuta ndo inaamua chaji zinaweza kusoma chini ya hapo betri ikiwa imejaa, usikimbilie kubadilisha altaneta, mwone fundi rewaya anayezijua.)

Kuna na wizi wa usiku. Alarm, kifaa cha kufuatilia gari, redio ya kichina iliyofungwa waya moja kwa moja, vyote vinakunywa umeme ukiwa umelala. Gari iliyozimwa ikinyonya miliampia 50 sio mbaya, hiyo ni kawaida, lakini hesabu mwenyewe: ukipanda basi kwenda Moshi Desemba ukaacha gari Dar wiki tatu, hizo miliampia 50 zinakuwa kama ampia-saa 25, na betri ndogo ya IST yote kwa ujumla ni kama 45. Ukirudi haiwaki, na kila betri ikilala hivo inazeeka. Gari ikiwa inanyonya zaidi ya hapo hakuna betri ya kukuokoa, iwe ya maji, iwe kavu, iwe ya dhahabu.

Betri ya maji

*Chaji.* Hii ndo sifa yake kubwa na haisemwi. Betri ya maji inasamehe. Altaneta ikizidisha kidogo, maji yanageuka gesi yanatoka, betri inashuka kiwango, wewe unafungua unajaza maji maisha yanaendelea. Inavumilia chaja za mtaani pia, zile za boksi la chuma lenye transfoma inayonguruma kama nyuki, ambazo hazina akili ya kujua betri imejaa, zinasukuma tu.

*Matunzo.* Hapa ndo watu wanaanguka. Angalau mara moja kwa mwezi, na kwenye joto la Dar la Januari na Februari hata kila wiki mbili, fungua boneti uangalie kiwango. Betri nyingi zina mistari miwili ubavuni iliyoandikwa UPPER na LOWER, maji yawe katikati yakaribie ya juu. Pleti zikitokeza nje ya maji zile sehemu zilizokauka hazirudi tena, hata ujaze vipi. Jaza maji ya betri ya chupa, yale yasiyo na madini, bei yake haitishi mtu. Maji ya bomba usijaze, ya kisima ndo kabisa, visima vingi vya Dar vina chumvi na chumvi ndani ya betri ni sumu. Maji yanayodondoka kwenye AC watu wanayapenda, kweli hayana chumvi nyingi lakini yanakuja na vumbi na uchafu wa kwenye mabomba ya AC, mi chupa naona ni rahisi kuliko kubishana.

Alafu hili naomba lisomwe mara mbili: ukipungukiwa unaongeza MAJI, sio asidi. Asidi haiondoki na mvuke, kinachoondoka ni maji peke yake. Kuna mafundi wanaongeza asidi "ili ipate nguvu" na kweli siku ile inaamka na unawasifia, baada ya muda pleti zimeliwa. Asidi inawekwa siku ya kwanza tu, pale betri mpya inapotoka dukani ikiwa tupu, na ikishawekwa iache itulie kidogo alafu ichajiwe kabla ya kufungwa, sio unajaziwa kwenye kaunta na kuondoka nayo palepale. Ukishaijaza maji usivuke mstari wa juu, ikichaji inapanda inamwagika, na ndo unakuta ule unga wa kijani na mweupe umejaa kwenye terminali na kile kibati cha kushikilia betri kimeoza.

*Joto na barabara.* Joto inalistahimili kwa sababu unaweza kurudisha kilichopotea. Barabara mbovu ndo adui, inamwaga na pleti zinatikisika mpaka unga wake unadondoka chini ya seli. Ikiwa njia yako ni vumbi na mashimo hakikisha betri imebanwa, isicheze hata kidogo.

*Ikianza kufa.* Hapa hakuna inayoifikia. Una vifuniko sita, una hidromita, kile kibomba cha kioo chenye boya ndani, unanyonya asidi ya kila seli unasoma uzito wake ukilinganisha na wa maji. Ikijaa ni kama 1.26 hadi 1.28, nusu ni kama 1.20. Seli tano zikisoma 1.25 na moja 1.15 umeshajua ugonjwa uko wapi, hiyo seli imekufa na betri inaenda zake. Unajua wiki kadhaa kabla haijakuacha Chalinze usiku. Ikilala kabisa kwa sababu uliacha taa, ukiwahi kuichaji polepole ina uwezekano mzuri wa kurudi.

*Pesa.* Ya kwanza kwa unafuu. Ongeza chupa za maji na muda wako.

*Inamfaa* mtu anayefungua boneti bila kuambiwa, daladala na taksi zinazopita gereji kila wiki, gari za shamba, gari kuukuu zenye altaneta isiyoeleweka, na mtu aliyeko mbali na mji ambako chaja pekee ni ile ya kienyeji. Haimfai mtu ambaye boneti anaifungua siku ya sevisi tu.

MF, ile ya kalisiamu

*Chaji.* Inataka chaji ya uhakika, 14.2 kwenda juu inaifurahia, na altaneta dhaifu inayotoa 13.5 inaiacha nusu njaa kila siku mpaka inaganda salfa. Foleni nazo zinachangia, gari inakaa Ubungo saa nzima kwenye sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, AC na redio vinakula, altaneta inazunguka polepole, unafika nyumbani betri haijapata kitu cha maana. Ikizidishiwa chaji nayo inapoteza maji kama ya maji tu, tofauti ni kwamba huna pa kujazia. Kwa hiyo ile regulata ya volti 15 ambayo betri ya maji ilikuwa inaificha kwa miaka, MF inaifichua ndani ya muda mfupi, na lawama inamwangukia muuza betri.

*Matunzo.* Karibu hakuna. Safisha terminali, maji ya moto yenye magadi ya kupikia yanautoa ule unga vizuri, kausha, paka mafuta ya mgando au grisi kidogo baada ya kukaza. Basi. Baadhi zina stika pana juu na chini yake kuna vifuniko vimefichwa, ukiwa na fundi makini unaweza kujazia maji, lakini nyingine zimechomelewa kabisa na nimeshaona watu wanatoboa na drili, hiyo acha, kuna gesi ya haidrojeni humo ndani na cheche moja inatosha kukurushia asidi usoni.

*Joto na barabara.* Kwa mtikisiko iko vizuri kuliko ya maji, haimwagi hovyo. Joto linaipunguzia umri kama betri zote, hesabu ya watu wa betri ni kwamba kila nyuzi joto 10 juu ya 25 umri unakwenda karibu nusu, na chini ya boneti kwenye foleni ya mchana Dar 25 huioni. Kwa hiyo umri mliosoma umeandikwa kwa nchi za baridi msiuchukue kama ulivyo. Kama gari yako ilikuja na kile kikava cha kuzuia joto kinachozunguka betri, usimruhusu fundi akitupe.

*Ikianza kufa.* Udhaifu wake uko hapa. Kile kijicho cha kijani juu kinasoma seli moja tu kati ya sita, kijani kwenye seli hiyo hakikuambii chochote kuhusu tano zilizobaki, wengi wanaamini kijicho na wanaachwa njiani na kijani chao. Kijicho kikiwa cheupe au cha wazi maana yake maji yameshashuka chini yake, hapo usihangaike kuibusti wala kuichaji. Tumia multimita, ndo rafiki yako wa kweli. Nyingi zinakufa ghafla, jana imewaka vizuri, leo tik tik tik. Na ikilala kabisa siku kadhaa, ya kalisiamu ni ngumu kuiamsha kuliko ya maji.

*Pesa.* Juu ya ya maji kiasi, na ndo inajaa madukani kwa hiyo unachagua. Wakati wa kununua ipimwe mbele yako: inakuja imeshajazwa kiwandani kwa hiyo imekuwa ikipungua kwenye shelfu tangu siku hiyo, ikisoma chini ya 12.4 mwambie alete nyingine. Angalia tarehe, angalia na terminali, zikiwa na mikwaruzo ya klampu hiyo sio mpya, imeoshwa ikabandikwa stika.

*Inamfaa* mwenye gari binafsi ya kila siku ambayo altaneta yake imepimwa ikakutwa salama. Hawa ndo wengi wetu, sikatai.

AGM

*Chaji.* Inapokea chaji haraka kuliko wenzake na inatoa umeme wa stata kwa nguvu. Lakini kwenye kuzidishiwa ndo haina msamaha hata kidogo: ikipita 14.8 kwa muda mrefu vali zinafunguka, mvuke unatoka, nyuzi zinakauka, na kukauka kwa AGM hakuna dawa. Chaja la mtaani lisiisogelee, inataka chaja yenye sehemu ya AGM. Ukiona ubavu umevimba kama mkate au unasikia harufu ya mayai viza, zima gari, imepikwa, na hilo ni kwa betri zote.

*Matunzo.* Hakuna kabisa. Terminali safi, imebanwa vizuri.

*Joto na barabara.* Mtikisiko haiuogopi, pleti zimebanwa hazina pa kucheza, ndo maana wenye Land Cruiser za safari na winchi wanaipenda. Joto ndo ugonjwa wake. Betri hii ilipendwa sana na watengenezaji wanaoiweka kwenye buti au chini ya kiti, mbali na injini, ukiichukua ukaipachika pembeni ya egzosti kwenye Haisi inayofanya ruti ya Mbagala umelipia sifa ambayo hutaiona.

*Ikianza kufa.* Haina kijicho, haina kifuniko, ni multimita au kipimo cha duka. Ila inavumilia kushushwa na kupandishwa mara nyingi kuliko zote, ukiwa na friji ya gari au muziki mkubwa hapo ndo inalipa.

*Pesa.* Mara nyingi karibu mara mbili ya MF ya saizi ileile, na kwa gari za Kijapani ndogo saizi yake sio rahisi kuipata kila duka.

*Inamfaa* kwanza kabisa yule ambaye gari yake ilitoka nayo kiwandani, na huyo hana uchaguzi. Prius nyingi na Aqua betri yao ya volti 12 iko nyuma ndani ya gari mnamokaa, ina kibomba cha kutolea gesi nje, ukiweka ya maji humo unavuta gesi ya betri na familia yako. BMW na Mercedes nyingi zenye betri kwenye buti hivyohivyo, na BMW baada ya kubadilisha betri lazima kompyuta iambiwe kuna mpya, la sivyo inaendelea kuichaji kana kwamba ni ile ya zamani iliyochoka. Gari zinazojizima zenyewe kwenye taa nyekundu, kama Mazda zenye i-stop, zinataka betri zenye namba kama Q-85 au S-95, hizo ni EFB au AGM. EFB ni ya majimaji iliyoimarishwa kwa kuwashwa mara nyingi, ukiikuta kwenye gari yako rudisha EFB au panda kwenye AGM, usishuke kwenye MF ya kawaida, itakufa mapema.

Saizi, na siku ya kufunga

Aina yoyote utakayochagua soma namba ya betri ya zamani. Kwa za Kijapani, 46B24L kwa mfano: 24 ni urefu kwa sentimita, B ni upana na kimo, L au R ni upande iliko chanya, na namba ya mwanzo ni nguvu, ikipanda sio tatizo ilimradi zile nyingine hazijabadilika. Ukichukua R badala ya L waya hazifiki, na fundi akizivuta kwa nguvu au akazigeuza umechoma fyuzi kubwa, na altaneta ikiwezekana. Ikiwa na S mwishoni maana yake vichwa vinene, klampu za vichwa vyembamba hazitaingia, na kinyume chake zitapwaya na utawekewa kipande cha bati.

Kutoa, anza na hasi. Kufunga, hasi iwe ya mwisho. Wakati wa kubusti, waya mweusi wa mwisho ushike chuma cha injini ya gari iliyolala, mbali na betri, cheche isikutane na gesi.

Betri ya zamani usiiweke uani watoto wakaichezea, wala usiwaachie vijana wakaipasua kwa ajili ya risasi. Wa Mombasa wanakumbuka mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilivyoacha risasi kwenye damu za watu, mwanaharakati Phyllis Omido akapigana mpaka akapata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaja kuamua wakazi walipwe. Duka nyingi za betri zinapokea ya zamani na kukupunguzia bei, itoe ikiwa nzima na asidi yake ndani, wale wanaomwaga asidi mtaroni kwanza ili wabebe wepesi ndo wanaoharibu.

Kwa hiyo, kulingana na hali yako

Unaitoa ya maji, altaneta inasoma 14.2 na huna muda wa kufungua boneti: MF, nenda kachukue, pima volti mbele ya muuzaji.

Altaneta inasoma 15 na ushee: usinunue kavu yoyote bado, tengeneza regulata kwanza. Kama hela ya kutengeneza haipo mwezi huu, ya maji ikubebe huku unaangalia kiwango kila wiki.

Daladala, taksi, gari ya biashara inayoshinda barabarani na ina fundi wake wa kudumu: ya maji bado ni hesabu nzuri, ila kama dereva ni wa kubadilishana kila siku na hakuna anayejiona mwenye gari, MF, maana kiwango cha maji hakuna atakayekiangalia.

Gari ya kijijini, njia mbovu, chaja ni ile ya mashine ya kusaga: ya maji, ibanwe, na chupa mbili za maji ya betri ziwe nyuma. Kama mtikisiko ni mkali na altaneta umeshaipima, MF nayo inaenda.

Gari inalala wiki nzima na kutembea Jumapili tu: aina sio tatizo lako. Nunua chaja ndogo yenye akili, au toa waya hasi ukishapaki, alafu MF inatosha.

Muziki, winchi, friji, safari za porini: AGM, kama betri yako haijakaa palepale kwenye joto la injini na altaneta haizidi 14.7.

Haibridi, gari ya Ulaya yenye betri kwenye buti, au inayojizima kwenye foleni: rudisha aina ileile iliyotoka nayo. Fundi akikuambia "weka tu hii ya kawaida, itawaka", ni kweli itawaka, muulize itawaka mpaka lini na kama mvuke utatokea wapi.

Na kama bado unasita kati ya mbili, kapime altaneta leo, kwa fundi rewaya yeyote haichukui dakika tano, alafu ndo uende dukani.